KITI HUJA KWA ZAMU, UONGOZI HAUJI KWA ZAMU



Tarehe 8 Aprili 2022 Rais Tshisekedi alitia sahihi mkataba mjini Nairobi, na sisi Wakongomani tukaingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Siku ile wengi walifurahi. Mchuuzi wa Birere aliona njia ya Mombasa na ya Dar es Salaam imefunguka. Mchimbaji wa Rubaya alifikiri huenda jiwe lake sasa litapata bei ya haki. Na mama anayevuka Petite Barrière kila asubuhi na mzigo kichwani aliwaza kwamba labda atavuka bila kusumbuliwa. Haikutimia miaka mitatu. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, mabenki yakafunga milango, maiti zikalala njiani, wala hapakuwa na askari hata mmoja wa Jumuiya hiyo aliyesimama kati.

Basi watu wanauliza: Jumuiya hii mkubwa wake ni nani, na mkubwa huyo alifanya nini moto ulipofika mlangoni kwetu? Swali hili ni la haki, na gazeti hili lataka kulijibu bila kuficha na bila matusi.

Jibu letu ni hili. Kiti cha mwenyekiti huja kwa zamu. Leo anakikalia huyu, kesho yule, na kila nchi itapata siku yake. Uongozi wenyewe hauji kwa zamu. Uongozi hutoka katika siasa ya nchi za nje, yaani namna nchi fulani inavyokaa na majirani zake: inamsaidia nani, inafanya biashara na nani, inamfungulia nani mlango, na neno lake la jana kama ndilo neno lake la leo. Nchi ambayo majirani wanaitilia mashaka, hata ukiikalisha katika kiti cha dhahabu, hawataifuata. Na siku ya hatari jumuiya nzima itakuwa kama gari lenye madereva wanane.

Tutaonyesha jambo hili kwa mifano, tukianza na ule ulio karibu kuliko yote.

HABARI YA CEPGL

Ukisimama Birere mpakani ukatazama ng'ambo, unatazama Gisenyi. Hapo ndipo tarehe 20 Septemba 1976 nchi tatu, yaani Zaire, Rwanda na Burundi, zilipoanzisha jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ile tunayoiita CEPGL. Ofisi kuu ilikaa Gisenyi. Benki ya maendeleo ilikaa hapa Goma. Utafiti wa kilimo ulipelekwa Gitega. Katika mto Ruzizi nchi hizo tatu zilijenga pamoja bwawa la umeme la pili, lililoanza kazi mwaka 1989. Wazee wetu walivuka mpaka kwa karatasi yenye jina la jumuiya hiyo, na hata watoto walilijua jina hilo kabla ya kujua maana yake.

Mkubwa wake alikuwa nani? Kwa ukubwa wa ardhi, kwa wingi wa watu na kwa mali, alikuwa Zaire. Lakini siasa ya nje ya Mobutu ilikuwa urafiki wa marais. Rais huyu amlinde yule, na yule amlinde huyu. Oktoba 1990 vita vilipoanza Rwanda, Mobutu alipeleka askari wake kumsaidia Habyarimana. Tangu siku ile mkubwa wa nyumba alikuwa amechagua upande, na aliyechagua upande hawezi tena kuita kikao. Habyarimana alipouawa tarehe 6 Aprili 1994, na mauaji ya kimbari yakafuata, na mwezi wa Julai mwaka ule wakimbizi karibu milioni moja wakaingia Goma, CEPGL haikuwa na neno la kusema. Ikalala usingizi. Mwaka 2007 ilifufuliwa, ila haikurudi katika nguvu yake.

Tuzingatie vizuri. Benki ilikuwapo, bwawa lilikuwapo, ofisi na makarani walikuwapo. Hata leo bwawa latoa umeme. Lakini nchi iliyopaswa kuongoza ilikuwa imefunga uongozi wake kwa mtu mmoja upande wa pili, na mtu yule alipoondoka, uongozi uliondoka naye.

HABARI YA NYERERE

Mfano wa pili ni wa Tanzania, nao una pande mbili.

Mwaka 1963 nchi za Afrika zilipounda Kamati ya Ukombozi, makao yake yaliwekwa Dar es Salaam. Tanganyika ilikuwa nchi maskini, haina dhahabu ya Johannesburg wala shaba ya Katanga. Lakini siasa yake kwa nchi za nje ilijulikana na kila mtu: hatupumziki mpaka Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika ya Kusini ziwe huru. Siasa hiyo iliigharimu Tanzania yenyewe, na kwa sababu iliigharimu, majirani waliiamini. Nchi zile zilizoitwa za Mstari wa Mbele zilimsikiliza Nyerere, na kutoka katika urafiki huo likazaliwa mwaka 1980, mjini Lusaka, shirika ambalo leo laitwa SADC.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki. Reli ilikuwa moja, posta moja, ndege moja. Januari 1971 Amin alipindua serikali ya Obote huko Uganda, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Baraza la marais watatu halikukutana tena. Mwaka 1977 Jumuiya ilikufa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mpaka mwaka 1983.

Je, Nyerere alikosea? Gazeti hili halisemi hivyo, maana kuna watu ambao hapana heshima kuketi nao. Twasema tu kwamba mtu ni yule yule na msimamo ni ule ule, lakini mahali pamoja ulijenga na mahali pengine ulibomoa. Sababu ni kwamba huku kusini majirani walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja kubwa, nalo ni adui wao. Huku mashariki walikubaliana juu ya reli na posta tu, wala hawakukubaliana juu ya siasa. Reli peke yake haikuweza kuwabeba.

HABARI YA NAIROBI

Tuje sasa katika mambo ya jana na juzi. Kenya ndiyo iliyotushika mkono tuingie katika Jumuiya, wakati Bwana Uhuru Kenyatta alipokuwa mwenyekiti. Tusisahau kwamba Kenya ina faida yake. Equity iliinunua BCDC mwaka 2020, na KCB ikainunua TMB mwaka 2022. Hapana ubaya. Mwenye mali nyumbani kwako ana sababu ya kutaka nyumba yako isiungue.

Siasa ya Kenya kwa miaka mingi imekuwa biashara na upatanishi: kuwa rafiki wa kila upande, na kuweka meza ambapo wanaogombana watakaa. Siasa hiyo imewahi kuzaa matunda. Tarehe 9 Januari 2005 amani ya Sudani ya kusini na ya kaskazini ilitiwa sahihi Nairobi. Lakini meza si kazi moja na bunduki, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Novemba 2022 askari wa Kenya walifika Goma kwa jina la Jumuiya, na jemadari wa jeshi lile zima alikuwa Mkenya. Serikali ya Kinshasa ilitaka waje kupiga vita na M23. Nairobi ilitaka wasimame kati ili watu wazungumze. Kila mmoja alikuwa ameusoma mkataba kwa macho yake. Februari 2023 vijana wa Goma waliandamana wakisema askari hawa wamekuja kutalii. Mwezi wa Aprili jemadari aliondoka, akisema usalama wake umetishwa. Desemba 2023 jeshi lote likafunga mizigo, kwa kuwa Kinshasa ilikataa kuliongezea muda.

Tena tazama kilichofuata. Tarehe 15 Desemba 2023, siku chache tu baada ya askari wale kuanza kuondoka, Bwana Corneille Nangaa alitangaza mjini Nairobi chama cha AFC pamoja na M23. Kinshasa ilimwita balozi wake arudi. Bwana Ruto alijibu kwamba Kenya ni nchi ya demokrasia, haimkamati mtu kwa sababu ya kusema. Neno hilo ni zuri kwa raia wa Kenya ndani ya Kenya. Lakini kwa mwenye kutaka kuongoza nchi nane, neno hilo lilifunga mlango mmoja, maana Mkongomani alijiuliza: huyu mwamuzi, mbona mshitakiwa wangu analala kwake?

Tarehe 30 Novemba 2024 zamu ya uenyekiti ilimfikia Bwana Ruto. Miezi miwili baadaye Goma ikaanguka. Aliita kikao cha marais tarehe 29 Januari 2025, na Rais wetu hakuhudhuria. Kiti kilikuwa na mtu, lakini kikao hakikuwa na uongozi. Agosti mwaka ule ule Kenya ilimtaja balozi mdogo wa kumtuma Goma, na Kinshasa ikapinga mara moja. Yawezekana Nairobi haikuwa na nia mbaya. Lakini imani ikiisha, hata salamu huchunguzwa kama barua ya siri.

Wala si Kenya peke yake. Burundi ilikikalia kiti cha Jumuiya tangu Julai 2022 mpaka Novemba 2023, na wakati huo huo ilikuwa na mapatano yake ya askari na Kinshasa, nje ya Jumuiya. Uganda nayo tangu Novemba 2021 ilikuwa na askari Ituri na Kivu ya Kaskazini kuwapiga ADF kwa mapatano ya nchi mbili. Kwa hiyo bendera ya Jumuiya ilikuwa moja, na chini yake kila jeshi lilikuwa na sababu yake.

HABARI YA MALABO

Kuhusu Rwanda, wataalamu wa ONU waliandika mwaka 2024 kwamba askari wake kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa katika ardhi yetu pamoja na M23. Kigali imekana siku zote, ikasema inajilinda na FDLR. Msomaji anajua alichokiona kwa macho yake.

Tunachotaka kuonyesha ni hesabu iliyofuata. Tarehe 7 Juni 2025 mjini Malabo, jumuiya ya Afrika ya Kati, ile CEEAC, ilipaswa kuikabidhi Rwanda uenyekiti, maana ilikuwa zamu yake. Kongo ilipinga. Marais wakamwachia Ginekweta kiti. Rwanda ikasema haki yake imevunjwa na jumuiya imegeuzwa chombo cha Kinshasa, ikatangaza kujitoa. Hapa zamu ilifika, na kiti hakikuja. Nchi yenye jeshi hodari na ofisi zilizopangwa vizuri ilikosa kiti kwa sababu ya siasa yake kwa jirani. Tangu lini watu wakamchagua mlinzi wa ghala mtu ambaye wanasema wamemkuta ndani ya ghala usiku?

NA SISI JE?

Sasa tukisema makosa ya wengine tu, tutakuwa watu wa kulalamika. Nasi tulipata viti. Rais wetu alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika tangu Februari 2021 mpaka Februari 2022. Alikuwa mwenyekiti wa SADC tangu Agosti 2022 mpaka Agosti 2023. Nchi ngapi zimepata bahati ya viti viwili katika miaka mitatu? Tulivitumia kwa nini?

Tulivitumia kutafuta askari. Mei 2023 SADC ilikubali kutuma jeshi, na tarehe 15 Desemba 2023 likaanza kazi: askari wa Afrika ya Kusini, Tanzania na Malawi. Januari 2025 askari 14 wa Afrika ya Kusini walikufa katika vita vya Sake na Goma. Tunawaheshimu, mama zao wamelia kwa ajili yetu. Mwezi wa Machi SADC iliamua kuwarudisha nyumbani waliobaki.

Tazama mwendo wetu: jeshi la Jumuiya likifukuzwa, tunaita la SADC, la SADC likishindwa, tunakimbilia Luanda, Luanda ikichoka Machi 2025, tunakwenda Doha na Washington. Sahihi za amani zilitiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, kisha marais wenyewe wakatia zao huko huko tarehe 4 Desemba 2025. Hatusemi ni vibaya. Mwenye kuzama hachagui mkono. Lakini siku sita baada ya marais kutia sahihi, tarehe 10 Desemba, M23 iliingia Uvira. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nchi inayokwenda kwa jirani kuomba bunduki tu haiwezi kuwa kiongozi wa majirani. Hutazamwa kama mgonjwa, au kama ghala. Na wachimbaji mnajua ghala hilo lina nini. Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Wataalamu wa ONU walikadiria kwamba kodi za biashara ya coltan ziliwapa watu hao karibu dola 800,000 kila mwezi, na kwamba tani zisizopungua 150 zilivushwa kwa magendo kwenda Rwanda na kuchanganywa na jiwe la kule.

Karani yeyote wa mgodi anajua hili: uzito wa daftari ukiwa si uzito wa mizani, usiilaumu mizani, mtafute aliyebeba gunia. Tangu Desemba 2010 marais wa Maziwa Makuu walitia sahihi Lusaka kwamba kila gunia liwe na cheti, na kila nchi ikague. Daftari lipo. Mizani ipo. Kilichokosekana ni nchi ya kusimama katikati ya wenzake na kusema: mimi ninaanza, jiwe langu lina cheti cha kweli na kodi yangu haimsukumi mtu kupita porini, sasa nanyi mnionyeshe la kwenu. Nchi hiyo ilipaswa kuwa Kongo, maana jiwe ni la Kongo. Lakini ofisa wetu mwenyewe akipokea rushwa mlimani, nani atamsikiliza waziri wetu akipiga kelele Arusha?

YATUPASA NINI?

Kwanza, Kongo iwe na neno moja. Sisi ni watu wa Arusha, wa Gaborone na wa Libreville pia. Linalosemwa Arusha lisemwe vilevile Gaborone na Libreville. Jirani akisikia maneno matatu hujua hapana neno.

Pili, tuhudhurie. Katika Jumuiya hii marais huamua kwa kukubaliana wote. Maana yake, nchi moja iliyoketi kitini inaweza kuzuia jambo baya, na nchi iliyosusa haitoi hoja yake kikaoni. Ukiwa na hasira na mwenyekiti, nenda umwambie mbele ya wenzake.

Tatu, tuidai Jumuiya kanuni hii: nchi yenye askari, au yenye faida, au yenye kundi inalolipa hifadhi katika ugomvi fulani, isiongoze kikao cha ugomvi huo, hata ikiwa zamu ni yake. Mwingine ashike kiti kwa jambo lile tu. Kijijini mwenye shamba linalogombaniwa haketi pamoja na wazee wa kuamua. Kwa nini marais wasifuate adabu ya kijiji? Na kanuni hiyo itupate sisi pia siku tutakapokuwa na kiti.

Nne, tuanze na mambo ambayo majirani wote wanayakubali. Mama wa Birere na mama wa Gisenyi wanakubaliana kila siku juu ya bei ya nyanya bila mkutano wa marais. Kuvuka kwa jeto bila kuombwa rushwa, kodi ya bidhaa ndogo iandikwe ukutani ionekane, cheti cha jiwe kiwe cha kweli: haya hayangojei vita viishe mahali pote. Kusini walifuatana kwa sababu walikuwa na jambo moja la pamoja. Nasi tulitafute la kwetu.

Tano, na hili ni lenu, ndugu wachimbaji na watu wa mji. Mbunge au mtu wa chama chochote akija kuomba sauti yenu, chama chetu kikiwamo, msimwulize tu habari ya maji na barabara. Mwulizeni: siasa yako kwa Rwanda ni ipi, kwa Uganda ni ipi, kwa Kenya ni ipi, na utasema nini Arusha? Siasa ya nje si mambo ya mabwana wa Kinshasa peke yao. Ndiyo iliyoamua Januari 2025 nani alale njiani na nani avuke.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipewa bendera. Kabla ya miezi miwili kutimia majeshi ya kigeni yalikuwa yamejaa nchini, na Katanga na Kasai ya Kusini zilikuwa zimejitangaza kujitenga. Toka hapo tumekuwa na viti vingi. Watoto wetu wanangoja tuwe na neno ambalo jirani, akilisikia, hufungua mlango bila kuuliza nani yuko nyuma yetu.

Uhuru, Umoja na Kazi!